Usalama wa Taifa la Uganda na Vitisho vya Kutoka Nje: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya msomaji asiye mwanasheria wala mwanajeshi, lakini ambaye husikia redioni kwamba majeshi yetu yamevuka mpaka, naye akataka kujua ni nani aliyeruhusu, kwa sheria ipi, na nani atakayelipa. Yanafuata maswali jinsi wananchi wanavyoyauliza, wala si mpangilio wa vifungu vya sheria. Ndiyo maana baadhi ya majibu ni marefu na mengine ni mistari michache tu.

Wanaodai mageuzi ya sera ya usalama wanadai nini hasa? Kwani Uganda haina sheria?

Sheria zipo, tena si chache. Katiba ya 1995, katika Ibara ya 208, inataka Jeshi la Ulinzi la Wananchi wa Uganda (UPDF) lisiwe la chama chochote, liwe la kitaifa kwa sura yake, liwe na nidhamu, na liwe chini ya mamlaka ya kiraia. Ibara ya 209 inalikabidhi kazi ya kulinda mamlaka ya nchi na mipaka yake, na kushirikiana na viongozi wa kiraia wakati wa maafa. Kati ya 2002 na 2004 Wizara ya Ulinzi iliendesha mapitio makubwa ambayo yalikiri waziwazi kwamba vitisho vingi vinavyoikabili nchi, umaskini ukiwa mmojawapo, haviwezi kuondolewa kwa bunduki. Mapitio hayo yalizaa waraka wa serikali kuhusu mageuzi ya ulinzi wa 2004, na mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya UPDF ya 2005.

Kwa maoni ya mwandishi wa majibu haya, kasoro kubwa iko katika saa ambayo sheria huulizwa. Mara nyingi huulizwa baada ya tendo: askari wakishafika ng'ambo, ndipo Bunge huombwa idhini, bomu likishalipuka, ndipo muswada uliolala miaka huamshwa, raia akishakaa kizuizini miezi kadhaa, ndipo mahakama husema haikuwa halali kumshitaki pale aliposhitakiwa. Mageuzi yanayozungumzwa hapa ni kuurudisha uamuzi mahali pake, kabla ya tendo, pale hali inaporuhusu. Na mara nyingi huruhusu kuliko tunavyoambiwa.

Ni nani huamua kwamba jambo fulani ni tishio kwa taifa?

Juu kabisa ni Baraza la Usalama la Taifa, lililoundwa na Ibara ya 219 ya Katiba na kupewa sheria yake mwaka 2000. Mwenyekiti wake ni Rais, na kazi yake ni kumshauri huyo huyo Rais. Chini yake kuna idara mbili zilizoundwa na Sheria ya Vyombo vya Usalama ya 1987: ISO, inayochunguza mambo ya ndani ya nchi, na ESO, inayochunguza ya nje. Jeshi nalo lina idara yake ya ujasusi, na polisi wana yao.

Huku chini kwetu, kamati ya usalama ya wilaya huongozwa na RDC, yaani mwakilishi wa Rais wilayani. Kila gombolola lina GISO wake, yaani ofisa wa ujasusi wa ngazi hiyo, na kijijini mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, hutazamiwa kumjua kila mgeni aliyelala katika eneo lake. Mnyororo huu ni mrefu na kwa nadharia hauachi pengo. Shida ni kwamba habari hupanda kwa urahisi kuliko zinavyoshuka. Mwenyekiti wa kijiji cha mpakani huripoti kwamba ameona watu asiowajua wakinunua chakula kingi sokoni. Ripoti inaandikwa, inapelekwa, naye haambiwi tena chochote. Mara ya tatu ataona uzito kuandika.

Je, Rais anaweza kupeleka wanajeshi nje ya nchi bila idhini ya Bunge?

Katiba katika Ibara ya 210 inalipa Bunge jukumu la kutunga sheria ya kusimamia upelekaji wa majeshi nje, na Sheria ya UPDF ikatimiza jukumu hilo kwa kutaka idhini ya Bunge. Bunge likiwa likizoni, Spika huliita kwa kikao cha dharura. Kwa hiyo jibu la sheria ni kwamba idhini inatakiwa. Jibu la mazoea ni tofauti, na ni vizuri kuyatazama matukio yenyewe moja baada ya jingine.

Somalia ndiyo mfano wa utaratibu kufuatwa. Umoja wa Afrika uliidhinisha kikosi cha kulinda amani Januari 2007, Bunge letu likajadili na kukubali Februari, na Machi askari wa kwanza wa Uganda wakatua Mogadishu. Wabunge wengine walipinga, hoja zao zikasikika, kura ikapigwa, kisha meli na ndege zikaondoka.

Sudan Kusini mambo yalikwenda kinyumenyume. Vita vilipozuka Juba Desemba 2013, askari wetu walikwenda mwezi huo huo; sababu iliyotangulia kutolewa ilikuwa kuwaokoa Waganda waliokwama, na ni kweli kwamba wachuuzi na madereva wetu walikuwa wengi kule. Bunge lilikuja kulijadili katikati ya Januari 2014, wakati ambapo UPDF ilikuwa tayari inapigana upande wa serikali. Machi 2025 hali ilijirudia: Mkuu wa Majeshi alitangaza kwamba kikosi maalumu kimeingia Juba, waziri wa habari wa Sudan Kusini akakanusha, na Bunge la Uganda likapitisha azimio la kuidhinisha Machi 20, siku kadhaa baada ya askari kuwa wamekwisha kufika.

Kongo nako, operesheni iliyopewa jina la Shujaa ilianza Novemba 30, 2021 kwa ndege na mizinga, na wabunge walipata habari zake kama sisi wengine tulivyozipata. Waziri wa Ulinzi alifika bungeni kutoa taarifa baadaye.

Tofauti kati ya Mogadishu na Juba haikutokana na sheria, kwa kuwa masharti ya sheria yalikuwa yale yale. Kwa Somalia, Umoja wa Afrika na wafadhili walihitaji karatasi iliyotiwa saini kabla ya kutoa fedha. Kwa Juba hakuna aliyeidai isipokuwa wabunge wenyewe, nao walikuwa nyumbani kwa Krismasi.

Lakini adui hangojei Bunge likutane. Je, kudai idhini kwanza si kuwafunga askari mikono?

Swali hili ni la haki, na walioandika Katiba walilifikiria. Ibara ya 124 inasema Rais anaweza kutangaza hali ya vita kwa idhini ya theluthi mbili ya wabunge wote. Na pale ambapo haiwezekani kuomba kwanza, atatangaza mwenyewe kisha aombe idhini ndani ya saa 72. Hapo kuna kasi na kuna kikomo. Nchi ikishambuliwa, hakuna mtu wa kawaida atakayedai askari wa Mpondwe, mpakani na Kongo, wasubiri kura kabla ya kujibu risasi.

Operesheni inayopangwa kwa wiki au miezi, ambayo makubaliano yake na nchi jirani yametiwa saini, na barabara za kupitisha vifaru zimeanza kutengenezwa, haiwezi kuitwa dharura ya saa 72. Kwa operesheni ya namna hiyo kikao cha faragha cha kamati ya Bunge ya ulinzi kingetosha kwa hatua ya kwanza, bila kumfunulia adui siku wala njia. Nchi nyingi hufanya hivyo. Wabunge kumi wanaoliwakilisha jeshi wamo bungeni tayari, na siri za jeshi hazijasikika kuvujia hapo.

Kwa nini Uganda iliamriwa kuilipa Kongo dola milioni 325?

Kesi hii inastahili kusomwa na kila anayezungumzia vitisho vya nje, kwa sababu hoja zote tunazozisikia leo zilishawahi kupelekwa mbele ya majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague, nao wakazipima.

Katika miaka ya 1990, waasi wa Uganda wa kundi la ADF na makundi mengine yalikuwa yakiishambulia Uganda kutoka mashariki ya Kongo. Juni 1998 waasi hao waliivamia shule ya ufundi ya Kichwamba, karibu na Fort Portal, wakawachoma moto wanafunzi wapatao 80 mabwenini. Uganda ilikuwa na askari ndani ya Kongo kwa ridhaa ya serikali ya Kinshasa. Ridhaa hiyo ilipoondolewa, kabla ya katikati ya Agosti 1998 kwa mujibu wa Mahakama, askari wetu hawakurudi nyumbani. Walisonga mbele, wakateka miji na viwanja vya ndege vilivyo mamia ya kilomita kutoka mpakani, na mwaka 1999 jeshi letu likaunda hata mkoa mpya wa Kibali-Ituri.

Uganda ilijitetea kwamba ilikuwa ikijilinda. Katika hukumu ya Desemba 19, 2005 Mahakama ilikataa. Haikusema kwamba ADF hawakuwepo, wala kwamba Kichwamba haikutokea. Ilisema haikuthibitishwa kwamba mashambulizi hayo yalikuwa ya serikali ya Kongo au yaliyotumwa nayo, na kwamba kuteka uwanja wa ndege ulio mbali kiasi kile hakulingani na kulinda mpaka. Huko Ituri, ikaongeza, Uganda ilikuwa dola inayokalia eneo la wengine, na hivyo iliwajibika kwa mauaji na uporaji uliofanyika hapo. Ni haki kueleza pia kwamba Mahakama ilikubali dai moja la Uganda: kwamba askari wa Kongo waliushambulia ubalozi wetu Kinshasa na kuwatendea vibaya wanadiplomasia wetu.

Fidia ilitajwa Februari 9, 2022: dola milioni 225 kwa madhara waliyopata watu, milioni 40 kwa mali, na milioni 60 kwa maliasili. Malipo yakagawanywa katika mafungu matano ya dola milioni 65 kila mwaka kuanzia Septemba 2022. Tazama tarehe: hukumu ya fidia ilitoka wiki kumi tu baada ya askari wetu kuingia tena mashariki ya Kongo katika operesheni ya Shujaa, wakimwinda adui yule yule, na ikiwemo Ituri ile ile. Mara hii waliingia kwa makubaliano na Kinshasa, na kisheria ridhaa hiyo ndiyo tofauti yote. Kwa hiyo kila mlipa kodi wa Uganda ana maslahi ya kujua ridhaa hiyo imeandikwaje, inaishia wapi, inafika hadi mji gani, na itakuwaje siku Kinshasa itakapobadili nia kama ilivyowahi kubadili.

Shambulio la Mpondwe la 2023 lilitufundisha nini?

Usiku wa Juni 16, 2023 ADF waliivamia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, umbali wa mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Kongo, wakawaua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi waliokuwa mabwenini. Ilikuwa Kichwamba tena, miaka 25 baadaye, hata namna ya kuchoma mabweni. Wakati huo operesheni ya Shujaa ilikuwa na zaidi ya mwaka mmoja na nusu.

Jeshi kubwa lililo mbele ya mpaka halilindi lazima vijiji vilivyo nyuma yake. Waasi wanaposukumwa hugawanyika katika vikundi vidogo na kutafuta shabaha laini. Hilo linajulikana na kila afande aliyepigana kaskazini dhidi ya Kony, kiongozi wa waasi wa LRA. Sera inayotuma ndege Kongo ingepaswa kwenda na orodha ya shule za bweni zilizo kando ya mpaka, ulinzi wa usiku, simu inayopokelewa, na jibu kwa yule mwenyekiti wa LC1 aliyeripoti wageni. Mambo hayo ni ya bei ndogo kuliko kifaru kimoja. Huenda ndiyo sababu hayavutii.

Je, kuzungumza na waasi au kuwasamehe si udhaifu?

Historia yetu inasema vinginevyo. Sheria ya Msamaha ya 2000 iliwaruhusu waliochukua silaha kuziweka chini bila kushitakiwa, na maelfu walirudi kutoka porini, wengi wao wakiwa watoto walionyakuliwa. Kundi la waasi la UNRF II, lililokuwa na kambi Sudan, lilimaliza vita vyake kwa mkataba uliotiwa saini Yumbe Desemba 2002. Magharibi mwa Nile hapakuhitajika operesheni yenye jina la kutisha.

Mazungumzo ya Juba na LRA, kati ya 2006 na 2008, hayakumpatia mtu saini ya Kony. Hata hivyo, makubaliano ya kusimamisha mapigano ya Agosti 2006 ndiyo yaliyowawezesha wakazi wa kambi za wakimbizi wa ndani za Acholi na Lango kuanza kurudi mashambani, na LRA hawakurejea tena kufanya vita kaskazini mwa Uganda. Kisha Desemba 2008 ndege zilipiga kambi za LRA huko Garamba, Kongo. Kony akaponyoka, na mauaji ya kulipiza yakawaangukia wanavijiji wa Kongo. Kipengele cha msamaha kiliachwa kiishe Mei 2012, kikarejeshwa mwaka uliofuata baada ya viongozi wa dini na wa kimila kukilalamikia. Chombo kilichofanya kazi hakikupaswa kuhitaji kuombewa.

Tunafanya nini Somalia miaka yote hii, na nani analipa?

Kikosi kilikwenda kuilinda serikali dhaifu dhidi ya wanamgambo wa al-Shabaab. Kikaitwa AMISOM hadi 2022, ATMIS hadi mwisho wa 2024, na tangu Januari 2025 kinaitwa AUSSOM. Posho za askari kwa miaka mingi zilitoka Umoja wa Ulaya, ambao mwaka 2016 ulizipunguza kwa asilimia 20, na tangu hapo upatikanaji wa fedha umekuwa wa mashaka.

Gharama nyingine haihesabiwi kwa dola. Julai 11, 2010, watu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yalilipuka katika mgahawa mmoja Kabalagala na kwenye klabu ya raga ya Kyadondo, yakaua zaidi ya watu 70. Al-Shabaab walisema ni malipo ya Uganda kuwa Mogadishu. Mei 26, 2023 kambi yetu ya Buulo Mareer ilivamiwa, na Rais Museveni akatangaza kwamba askari 54 walikufa. Kwamba serikali ilitaja idadi hiyo ni hatua njema, kwa sababu katika mashambulizi ya nyuma familia zilikuwa zikisikia idadi za adui kabla ya kusikia za serikali.

Siri za jeshi si lazima zibaki siri? Kwa nini mwananchi ataarifiwe?

Mahali askari walipolala usiku wa leo ni siri halali. Bei ya helikopta iliyonunuliwa miaka mitatu iliyopita si siri ya aina hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Uganda ilinunua kutoka Belarus helikopta nne za kivita aina ya Mi-24 ambazo hazikuwa katika hali ya kuruka. Ilibidi iundwe tume chini ya Jaji Julia Sebutinde kuchunguza jinsi fedha zilivyotoka. Katika miaka hiyo hiyo ikagundulika kwamba orodha za mishahara zilijaa askari hewa, yaani majina yasiyo na watu, huku makamanda kaskazini wakidhani, au wakijifanya kudhani, kwamba wana vikosi kamili. Kijiji kilichoandikwa kuwa kinalindwa na askari mia kilikuwa na arobaini. Waliokufa kwa siri hiyo walikuwa wanakijiji.

Ibara ya 41 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, isipokuwa zile ambazo kutolewa kwake kunaweza kudhuru usalama au mamlaka ya nchi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 nayo imeweka utaratibu wa matumizi ya siri kuonwa na wabunge wachache. Kinachokosekana ni muda wa siri kuisha. Jambo likifungiwa leo kwa sababu za usalama, hakuna siku iliyowekwa ambapo litafunguliwa, na hivyo kufunga huwa rahisi kuliko kueleza.

Raia anaweza kushitakiwa katika mahakama ya kijeshi?

Januari 31, 2025 Mahakama ya Upeo, katika shauri lililoanzishwa na aliyekuwa mbunge Michael Kabaziguruka, iliamua kwamba kuwashitaki raia katika mahakama za kijeshi ni kinyume cha Katiba. Wakati huo mwanasiasa wa upinzani Dkt. Kizza Besigye alikuwa kizuizini baada ya kutoweka Nairobi Novemba 2024 na kuonekana siku chache baadaye mbele ya mahakama ya kijeshi ya Makindye. Kesi yake ikahamishiwa mahakama ya kiraia kwa shitaka la uhaini. Kisha Mei mwaka huo huo Bunge likapitisha marekebisho ya Sheria ya UPDF, yaliyotiwa saini Juni, ambayo yanaziruhusu tena mahakama za kijeshi kuwasikiliza raia katika hali zilizotajwa kuwa za pekee.

Wanaounga mkono marekebisho husema kwamba anayekamatwa na silaha ya kivita amejiingiza mwenyewe katika mambo ya jeshi. Ugumu ni kwamba hakimu wa kijeshi hupandishwa cheo na mtu yule yule anayemkabidhi mshitakiwa.

Mtuhumiwa wa ugaidi ana haki zipi?

Kufikishwa mahakamani ndani ya saa 48, kwa mujibu wa Ibara ya 23, na kutoteswa, ambako Ibara ya 44 hairuhusu kupunguzwa kwa sababu yoyote, hata ya vita. Wazee wetu wanaokumbuka panda gari, misako ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 ambapo vijana wa Kampala walipakiwa malorini bila kuambiwa waendako, hawahitaji kuelezwa kwa nini vifungu hivyo viliandikwa.

Je, serikali inaruhusiwa kusikiliza simu zetu?

Kwa hati ya jaji, ndiyo. Sheria ya 2010 inawataja wanaoweza kuomba hati hiyo: Mkuu wa Majeshi, wakuu wa ISO na ESO, na Mkuu wa Polisi. Muswada wake ulikuwa bungeni tangu 2007 ukipingwa. Ulipita siku chache baada ya mabomu ya Julai 2010, majeruhi wakiwa bado katika hospitali ya Mulago. Sheria inayopitishwa msibani haisomwi vizuri.

Kuzima intaneti, kama ilivyofanyika wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, ni jambo jingine, kwa kuwa hakumlengi mtuhumiwa yeyote. Muuza samaki wa Ggaba anayelipwa kwa simu hakuwa tishio la kutoka nje.

Wakimbizi ni tishio kwa usalama?

Uganda inawahifadhi zaidi ya wakimbizi milioni 1.7, wengi kutoka Sudan Kusini na Kongo, chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inayowaruhusu kufanya kazi na kutembea. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwa kiasi fulani shule na zahanati za Adjumani na Isingiro zimethibitisha hilo. Wapo waliojipenyeza, na kuwachunguza mpakani ni kazi ya kawaida ya dola. Lakini ni vizuri kukumbuka kwamba wengi wao wamemkimbia adui yule yule tunayempiga: mkimbizi wa Beni, mashariki ya Kongo, anawajua ADF kuliko ofisa yeyote wa Kampala, na anayetendewa kama mshukiwa hatasema anachokijua.

Na Karamoja, kaskazini-mashariki mwa nchi?

Wizi wa ng'ombe unaohusisha Waturkana wa Kenya ni tishio la kutoka nje lililo na mizizi ya ndani. Operesheni ya Usalama kwa Wote ilianza Julai 2021, na Mei 2023 Rais alitoa amri ya kuwaondoa wafugaji wenye silaha kutoka Kenya. Bunduki zilizokusanywa upande mmoja wa mpaka zikiachwa upande wa pili, aliyesalimisha yake ndiye anayeibiwa.

Magonjwa yanaingiaje katika sera ya usalama?

Ebola ya 2022, iliyoanzia Mubende na kutangazwa kuisha Januari 11, 2023, ilizuiwa na wauguzi, wapimaji na watafuta waliokutana na wagonjwa. Bajeti ya ulinzi haiwahesabu.

Kwa nini kuliandika jambo hili kwa Kiswahili, wakati Waganda wengi husoma Kiingereza au lugha zao?

Kwa muda mrefu Kiswahili hapa kilisikika kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Kilikuwa lugha ya askari wa mkoloni, kikawa cha vikosi vya Amin, na Aprili 1979 kikawa pia cha Watanzania waliomfukuza Amin baada ya yeye kuivamia Kagera. Tangu marekebisho ya 2005 Katiba inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili. Raia anayeamriwa kwa Kiswahili kwenye kizuizi cha barabarani ana haki ya kusoma kwa Kiswahili mipaka ya amri hiyo.

Mwananchi wa kawaida anaweza kufanya nini?

Anaweza kwenda Mahakama ya Katiba chini ya Ibara ya 137 kupinga sheria au tendo linalokiuka Katiba, hata kama yeye binafsi hakudhurika. Aliyedhurika anaweza kwenda mahakamani chini ya Ibara ya 50, au kwa Tume ya Haki za Binadamu, ambayo ina mamlaka ya kuamuru mtu aachiliwe na alipwe fidia; na Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya 2019 inamfanya ofisa aliyekosa awajibike yeye mwenyewe, asijifiche nyuma ya serikali.

Njia isiyotumiwa vya kutosha ni Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005. Andika barua kwa ofisa wa habari wa wizara inayohusika, taja waraka unaoutaka kwa usahihi, kwa mfano azimio la Bunge au makubaliano na nchi jirani, na ubaki na nakala yenye muhuri wa mapokezi. Wana siku 21 za kukujibu. Wakikataa, wanapaswa kukupa sababu kwa maandishi, nawe waweza kuipeleka sababu hiyo kwa Hakimu Mkuu wa eneo lako aipime.